Mzee na Minazi Yake: Jinsi Uzee Ulivyopangwa Kaloleni

Kaloleni imekaa juu ya vilima vilivyo nyuma ya pwani ya Kilifi nchini Kenya, mahali ambapo mvua itokayo baharini bado inatosha kumlea mnazi. Kuelekea magharibi, upande wa Bamba, mvua hupungua, minazi hukoma, na nchi inakuwa ya ng'ombe na mbuzi. Kwa vizazi kadhaa tofauti hiyo ya mvua ndiyo iliyoamua namna Mgiriama anavyozeeka. Wa Bamba aliweka akiba yake kwenye mifugo, na ukame mmoja ungeweza kuifuta. Wa Kaloleni aliiweka kwenye miti, na miti hiyo ilimpa uzee wa aina yake, wenye heshima na wenye ugomvi pia.

Kabla ya kazi za mishahara, hapakuwa na siku ambayo mtu aliacha kazi. Kulikuwa na ngazi ya kupanda. Wagiriama, kama makundi mengine manane ya Wamijikenda, husimulia kwamba waliishi zamani ndani ya kaya, makazi yaliyozungushiwa msitu. Kaya kuu ya Wagiriama, Kaya Fungo, imo katika eneo la Kaloleni. Wanaume waligawanywa kwa rika, na kila rika lilipanda pamoja kwa sherehe na malipo: mbuzi, nafaka, tembo la mnazi. Waliofika juu waliitwa kambi, baraza lililoamua kesi za ndoa, deni, mauaji na uchawi. Ndani ya baraza kulikuwa na wachache zaidi, vaya, waliotunza siri na viapo vizito. Kijana alilima, alijenga, alipigana na kusafiri na bidhaa. Mzee alisikiliza, alikumbuka na kukata shauri, na huduma hiyo haikuwa ya bure. Aliyetaka kiapo alilipa, aliyeshindwa kesi alitozwa faini, na sehemu ya malipo hayo ililiwa na kunywewa papo hapo na wazee wenyewe. Uzee ulikuwa cheo chenye mapato.

Si kila mzee alifika huko. Ngazi ilihitaji mali, na mali ilihitaji watoto wa kiume, wake na mifugo. Aliyezeeka bila hivyo alibaki mzee wa umri tu, akimtegemea ndugu. Wanawake nao walikuwa na njia zao: chama cha kifudu, chenye vyungu vyake vitakatifu, kiliwapa wanawake wazima mamlaka juu ya mambo ya uzazi na maradhi. Hata hivyo mjane hakurithi minazi. Usalama wake ulikuwa wanawe, au ndugu wa mumewe aliyemrithi.

Mpango wa uzee haukuishia kaburini. Wanaume waliokuwa na uwezo walijiunga na chama cha gohu, kwa karamu zilizowagharimu sana, na mwanachama alipofariki wanawe walipaswa kumsimamishia kigango, nguzo ya mbao iliyochongwa kwa nakshi za pembetatu na kichwa cha mviringo. Aliyekufa bila gohu alipata kijiti kifupi cha koma, yaani cha roho ya marehemu. Kwa hiyo mtu alitumia mali akiwa hai ili aendelee kuheshimiwa na kulishwa na watoto wake akiwa marehemu, na watoto walijua kwamba marehemu aliyesahauliwa huja ndotoni kudai. Inafaa kutajwa kwamba nguzo hizo baadaye zilikuwa bidhaa. Kuanzia miaka ya 1970 vigango viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, na vingi vikaishia kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 kigango kimoja kilichokuwa Illinois kilirudishwa kwa familia iliyokuwa imeibiwa.

Serikali ya Waingereza ilivunja ngazi hii kabla haijaleta nyingine. Sheria ya mwaka 1902 iliweka wakuu wa vijiji waliolipwa na serikali, na kodi ya vibanda ikadai fedha taslimu kutoka kwa watu waliohesabu mali kwa mbuzi na nazi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mjane mwenye umri mkubwa, na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwaapisha watu ndani ya Kaya Fungo wasitoe vijana wao kwa kazi za Wazungu. Wote wawili walikamatwa, wakapelekwa Kisii, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua kaya kwa baruti. Baada ya mapigano yaliyofuata Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe wapagazi 1,000 kwa vita vya Wazungu. Faini kama hiyo haikulipwa na vijana. Ililipwa kwa mifugo, na mifugo ilikuwa mikononi mwa wazee. Mamlaka ya kambi yalikuwa yameanza kupungua tangu karne ya 19, watu walipohama kutoka kaya kuelekea kaskazini na kuvuka mto Sabaki, lakini baada ya 1914 mzee hakuwa tena na chombo cha kumlipa kwa hekima yake. Alibaki na minazi.

Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huanza kuzaa baada ya miaka 6 au 7, na huendelea kuzaa kwa miaka 60 na zaidi. Anayepanda akiwa na miaka 25 huanza kuvuna akiwa na 32, na akifika 80 miti hiyo ingali na nazi. Hakuna zao lingine la pwani linaloendana hivyo na maisha ya mtu mmoja. Mahindi hudai jembe kila msimu. Mwembe huzaa kwa msimu, kisha hutulia. Mnazi huangusha nazi mwaka mzima, na karibu kila sehemu yake ina mnunuzi: madafu, nazi kavu, mbata ya kukamulia mafuta, makuti ya kuezekea, makumbi ya kamba, vifuu vya kuni. Kazi ngumu ni moja tu, kupanda juu, na hiyo mzee hakuhitaji kuifanya mwenyewe.

Hapo ndipo mgema aliingia. Mgema ni kijana mwenye nguvu, anayepanda kwa vidato vilivyokatwa kwenye shina, akiwa na kotama kiunoni na kibuyu. Hukata ncha ya karara changa, huifunga, na hurudi asubuhi na jioni kuipunguza na kumimina tembo lililochuruzika. Mwenye mnazi hupewa sehemu ya tembo au kodi, na mgema huuza iliyobaki mangweni, kwenye vibanda vya wanywaji. Mti unaogemwa hautoi nazi, kwa hiyo mzee alipaswa kuamua mingapi igemwe na mingapi iachwe izae. Huo ulikuwa uamuzi wa kiuchumi kamili. Tembo huleta fedha kila siku, lakini huvunda kesho. Nazi huchelewa, ila mbata hukaa. Bei ya mbata ilipopanda, minazi mingi iliachwa izae. Iliposhuka, wagema walirudi juu.

Kulikuwa na jambo jingine lililoufanya mnazi kuwa akiba kuliko shamba. Pwani, mti na ardhi vingeweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu aliweza kumiliki minazi 40 iliyosimama kwenye ardhi ya mwingine, kuigawa kwa wanawe, kuiuza mmoja mmoja, au kuiweka rehani. Rehani ndiyo ilikuwa benki ya Kaloleni. Mzee aliyepatwa na matanga au mahari ya mwanawe alimkabidhi mtu mwenye fedha minazi 10, akachukua mkopo, na mkopeshaji akala matunda mpaka siku deni litakapolipwa. Haki ya kukomboa haikuwa na mwisho. Mjukuu aliweza kuja miaka 30 baadaye na fedha za babu yake mkononi na kudai miti irudi.

Ni wazi kwamba mpango wa namna hii hutegemea kumbukumbu. Hakukuwa na karatasi. Anayekopesha alisema ameuziwa, anayekomboa alisema ni rehani, na ukweli ulikuwa vichwani mwa wazee waliokuwepo siku ya makubaliano, waliokunywa tembo la ushahidi na kuonyeshwa miti mmoja mmoja. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti Kaloleni miaka ya 1960, aliiweka hali hii katikati ya kitabu chake *Palms, Wine, and Witnesses* cha mwaka 1972. Aliwaona wanaume wa umri wa kati, wenye maduka na biashara ya mbata, wakinunua na kuchukua rehani ya minazi ya jirani zao waliobanwa na gharama za matanga na mahari. Matajiri hawa wapya hawakuweza kuwapuuza wazee, kwa sababu bila ushahidi wa wazee mali yao yote ilikuwa maneno matupu. Walilazimika kuhudhuria matanga, kuwanunulia wazee tembo na kusema lugha ya mila, hata pale walipokuwa wanaimeza nchi ya wenzao kidogo kidogo. Baadhi yao, Parkin aliona, walipatwa na pepo aliyewataka wasilimu. Wakiwa Waislamu hawakuweza tena kunywa wala kula pamoja na majirani, na hivyo wakaepuka sehemu kubwa ya gharama za ujirani bila kumtukana mtu.

Kwa mzee wa Kaloleni wa miaka hiyo, basi, kuzeeka vizuri kulimaanisha mambo mawili. La kwanza, minazi iliyobaki mkononi ikigemwa au kuvunwa na wengine. La pili, kualikwa kila palipokuwa na makubaliano, kwa kuwa anayekumbuka mipaka na madeni ya vizazi viwili hawezi kuachwa nyumbani na njaa. Ushahidi ulichukua nafasi ya ada za kambi, na pengine hakuna kilichowalinda wazee zaidi ya hitaji hilo la kila siku la vichwa vyao. Lakini lilikuwa na upande wa pili: mwenye uwezo wa kusema mti ni wa nani ana uwezo wa kumdhulumu mtu, na anayeogopwa hutuhumiwa. Mwaka 1966 mganga Kajiwe, aliyekuwa bado kijana, alizunguka vijiji vya Wagiriama na majirani zao akiondoa uchawi, na miongoni mwa waliolazimishwa kukabidhi hirizi na dawa zao walikuwemo wazee wenye mamlaka. Vijana walimshangilia.

Sambamba na minazi, kulikuwa na Mombasa. Mtu wa Kaloleni hakuwa mbali na bandari, na tangu mapema karne ya 20 wanaume wengi wa Kimijikenda walikuwa vibarua wa gatini, wakifanya kazi siku kadhaa na kurudi kulima. Waajiri walilalamika kwamba watu hawa hawategemeki. Ukweli ni kwamba walitegemea mashamba yao, na kibarua kilikuwa nyongeza. Serikali nayo ilitumia hoja hiyo hiyo kulipa kidogo: mfanyakazi Mwafrika hakuhitaji pensheni kwa sababu uzee wake ulikuwa kijijini. Mgomo mkuu wa Mombasa wa 1947 na mgomo wa bandari wa 1955 ilionyesha kwamba hesabu hiyo ilikuwa imeharibika. Kati ya migomo hiyo miwili, mwaka 1954, kamati ya serikali kuhusu mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilitamka kwamba mfanyakazi alipaswa kulipwa mshahara wa kulisha familia, kupewa makazi, na kuhakikishiwa usalama wa uzeeni nje ya shamba lake. Kwa mara ya kwanza serikali ya kikoloni ilikiri kwamba mjini kuna uzee.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF. Haikuwa pensheni. Ilikuwa akiba ya lazima: mfanyakazi na mwajiri walikatwa kiasi sawa, na mtu akifikisha umri alipewa zake zote kwa mkupuo. Kiwango kilikaa chini kwa muda mrefu mno, na kuanzia 2001 hadi mapema 2023 kila upande ulilipa shilingi 200 tu kwa mwezi. Mwalimu na karani wa serikali walikuwa na nafuu zaidi, kwa kuwa sheria ya pensheni iliwapa kiinua mgongo pamoja na malipo ya kila mwezi bila wao kuichangia pensheni hiyo. Hali ilikuwa hivyo mpaka Januari 2021, mpango mpya wa watumishi wa umma ulipoanza kuwakata mshahara, asilimia 2 mwaka wa kwanza na kufikia 7.5 mwaka wa tatu, serikali ikiongeza 15. Umri wa kustaafu serikalini ulikuwa 55 hadi 2009, ulipopandishwa kuwa 60.

Mkupuo ulirudi Kaloleni. Aliyestaafu bandarini, kwenye reli au katika kiwanda cha saruji cha Bamburi alikuta fedha nyingi mkononi kwa siku moja na hakuna tena baada yake. Mambo aliyoyafanya nazo yanafahamika kwa kila familia ya eneo hilo: nyumba ya mawe yenye paa la mabati, kinu cha kusaga, matatu iliyokwisha kuchoka ilipomfikia, duka la kando ya barabara ya Mariakani. Wengi walinunua minazi au shamba. Huo haukuwa ujinga wa mtu wa kijijini. Kwa mtu aliyeona bei zikipanda mwaka hadi mwaka na shilingi ikishuka, mti unaozaa ulikuwa pensheni ya uhakika kuliko kitabu cha hazina. Tatizo lilikuwa katika utaratibu wenyewe: ulimkabidhi mtu asiyewahi kusimamia zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja akiba ya miaka 30, kisha ukamwacha. Jamaa nao walikuwa wakiisubiri fedha hiyo pamoja naye.

Wakati huo huo, ardhi yenyewe ilikuwa ikibadilika hali. Sheria ya upimaji na ugawaji wa ardhi ya 1968 ilileta maafisa kwenye maeneo ya zamani ya hifadhi za Waafrika kurekodi nani anamiliki nini na kutoa hatimiliki. Kwa kila sehemu iliundwa kamati ya wakazi wasiopungua 10 kusikiliza madai, na wajumbe hao, kama ilivyotarajiwa, walikuwa wazee wanaojua mipaka. Kazi ya ushahidi haijawahi kuhitajika kama katika miaka ile. Ilikuwa pia mara ya mwisho. Mara shamba lilipoandikwa, lililoandikwa lilishinda lililokumbukwa. Hatimiliki haikutambua vizuri mnazi wa mtu kwenye ardhi ya mwingine, na haki ya mjukuu kukomboa minazi ya babu baada ya miaka 30 ilizidi kudhoofika mbele ya karatasi. Anayetaka kuuza sasa alihitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, wakili na picha ndogo za pasipoti. Wazee watano na kibuyu cha tembo hawakutosha tena.

Athari zake kwa uzee hazijasemwa vya kutosha. Zamani mzee aliishi kwa sababu alijua siri za mali ya watu wengi, na kila familia ilikuwa na sababu ya kumtunza. Leo mzee anamiliki shamba moja, jina lake limo kwenye hati moja, na wanaomzunguka ni warithi wake. Maarifa yake hayana mnunuzi, lakini hati yake inayo. Kaunti ya Kilifi imejulikana kitaifa kwa mauaji ya wazee wanaotuhumiwa uchawi, na maafisa pamoja na wazee wa kaya wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba nyuma ya tuhuma nyingi kuna shamba. Mvi zimekuwa hatari, na wapo wanaume wanaozipaka rangi nyeusi kwa ajili hiyo. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa au kutishiwa na jamaa zao. Uchawi kama tuhuma ni wa kale, na kisa cha Kajiwe kinaonyesha hivyo. Kilicho kipya ni hesabu iliyo chini yake: zamani kifo cha mzee kilipoteza ushahidi, sasa kinafungua urithi.

Serikali iliingia kwa njia ya fedha taslimu. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inawapa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa dola. Mpango wa kuwapa wazee maskini fedha ulianza kwa majaribio mwaka 2006 katika wilaya chache, na mwaka 2018, chini ya mpango wa Inua Jamii, ukapanuliwa kumfikia kila mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni. Kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi huchelewa na kuja kwa pamoja. Hazinunui mengi, lakini kwa mjane asiyekuwa na mnazi hata mmoja ndizo fedha za kwanza maishani mwake kuja kwa jina lake mwenyewe. Sheria ya urithi, iliyoanza kutumika 1981, ilikuwa imempa haki ya kukaa kwenye mali ya mumewe. Haikumpa cha kula.

Hazina ya 1965 nayo ilifumuliwa. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa 2013, ikakwama mahakamani karibu miaka 10, na ikaanza kutekelezwa Februari 2023: asilimia 6 ya mshahara kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri, kwa viwango vinavyopanda kila mwaka, na lengo likiwa kulipa pensheni ya kila mwezi badala ya mkupuo peke yake. Kwa anayefanya kazi viwandani Mariakani au katika hoteli za Kilifi na Malindi, hili ni badiliko kubwa kuliko lolote tangu uhuru. Mgema halimfikii. Mpango wa akiba wa Mbao, ulioundwa kwa watu wa jua kali waweke shilingi 20 kwa siku kupitia simu, uliwalenga watu kama yeye, lakini mtu ambaye mapato yake huvunda kesho haweki akiba kwa urahisi, na mwajiri wa kumchangia nusu hana.

Mgema huyo yuko mahali ambapo mwenye minazi wa 1966 alikuwa kabla hajawa na minazi. Tofauti ni kwamba mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vipande vidogo, minazi mingi iliyosimama ilipandwa na vizazi vilivyopita na mavuno yake yanapungua, na mche uliopandwa leo kwenye ardhi isiyo na hati kwa jina la mpandaji unaweza kuvunwa na mwingine kabla haujafikisha miaka 7. Ndiyo maana kwenye vikao vya familia za Kaloleni mazungumzo ya kustaafu huanza na swali la hati iko kwa nani, kisha idadi ya minazi, na fedha za hazina huja baadaye.